Hodi ya Usiku wa Manane



Katika Injili ya Luka, sura ya 11, Bwana wetu anasimulia habari za mtu aliyefikiwa na mgeni usiku wa manane, naye hana chakula cha kumpa. Akaenda kwa rafiki yake kuomba mikate mitatu. Mlango ulikwisha kufungwa na watoto wamelala, lakini hakuondoka mpaka alipopewa. Kwa mfano huo Bwana anatufundisha kudumu katika sala. Leo tuutazame pia mlango ule: mwenye shida alijua pa kubisha, na ndani alikuwamo mtu wa kumsikia.

Siku hizi mlango tunaoubisha kwanza ni simu ya mkononi. Ni chombo chema, nacho kimeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, tarehe 22 Februari 2024, kabla ya mapambazuko, mtandao wa simu za mkononi wa kampuni ya AT&T ulizimika kote Marekani. Serikali ilipochunguza, ilionekana kwamba hitilafu hiyo ilidumu kwa muda wa saa 12 au zaidi. Simu zaidi ya milioni 92 zilizuiwa, na watu walijaribu zaidi ya mara 25,000 kuita namba ya dharura, 911, wasifanikiwe. Chanzo hakikuwa tufani wala vita, bali kifaa kilichoingizwa mtandaoni kikiwa kimepangwa vibaya.

Idara ya zimamoto ya San Francisco iliwashauri wananchi watumie simu ya mezani. Lakini ni nani aliyebaki nayo? Nchini humo, zaidi ya watu wazima 7 kati ya 10 wanaishi katika nyumba zisizo na simu ya waya. Ile simu ya zamani ilikuwa na fadhila yake: umeme wake ulitoka katika kituo cha simu, penye betri za akiba, hata nyumba ilipokuwa gizani simu iliendelea kusema.

Katika jimbo la California, kampuni hiyo hiyo hubanwa na sheria kumfikishia huduma ya simu kila anayeiomba katika maeneo yake, hata mwenye nyumba ya mwisho mlimani. Mwaka 2023 iliomba kufunguliwa wajibu huo, kwa kuwa wateja wamepungua na nyaya za shaba ni ghali kutunza. Wazee, wagonjwa na wakazi wa milimani, ambako mawimbi ya simu ni hafifu na moto wa misitu ni hatari ya kila mwaka, wakapaza sauti kupinga. Mwezi Juni 2024 tume ya jimbo ikalikataa ombi lile. Swali lilikuwa moja: njia ya zamani ikiondolewa, nani ataachwa bila pa kubisha?

Ndugu zangu, swali hilo ni letu pia. Wengi wetu katika Afrika Mashariki hatukupata kamwe simu ya mezani nyumbani. Tuliianza simu kwa ile ya mkononi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ilidhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Sisi hatuna waya wa zamani wa kuurudia. Akiba yetu ni hodi.

Je, akiba hiyo tunaitunza? Mgonjwa amelala nyumba ya tatu kutoka kwetu, nasi tunamwandikia neno la pole kwenye simu, kisha twahesabu kwamba tumemtembelea. Mjane asiye na vocha hajulikani kama ameamka salama. Kitabu cha Mithali kinatukumbusha kwamba siku ya msiba jirani wa karibu hufaa kuliko ndugu wa mbali. Lakini jirani tusiyemjua atatufaaje?

Basi nawaomba, na hasa ninyi makatekista, juma hili kila Jumuiya iorodheshe wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao. Mkubaliane nani atapiga hodi kwa nani, na siku gani. Mjue nani ana chombo cha kumfikisha mgonjwa zahanati usiku. Namba za lazima ziandikwe pia kwenye karatasi, maana simu ikizima, na kumbukumbu yake imezima.

Tusitosheke kusema kwamba kwa Mungu mawasiliano hayakatiki. Ni kweli, Mungu husikia daima. Lakini mara nyingi humjibu mwenye shida kwa kumwamsha jirani yake. Jirani huyo akiwa wewe, ondoka kitandani ukafungue mlango.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.