Kipande cha Mwisho Ndicho Kipimo cha Mtandao

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu kuhusu ujenzi wa mitandao ya Etheneti inayowafikia wateja wa mashirika ya simu.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa ni la mafundi peke yao. Nitajitahidi kuonyesha kwamba sivyo. Ninyi ndio mnaoketi katika kamati za zabuni, na ninyi ndio mnaopokea kazi iliyokamilika. Kama hamjui la kuuliza, mtapokea chochote mtakacholetewa.

Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi na kutufikia Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Mwaka 2009 pia ndipo ulipoanza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Hizo ni barabara kuu. Lakini mwalimu hafundishi barabarani, wala mganga hatibu barabarani. Toka kituo cha mkongo kilichopo wilayani hadi darasani, hadi zahanati, hadi kwenye mnara wa simu, kipo kipande cha mwisho. Ndicho kifupi kuliko vyote, lakini ndicho chenye matawi mengi, na ndicho kinachoamua kama mwananchi amefikiwa au hakufikiwa.

Zamani kipande hicho kilikuwa ni waya wa shaba, na mitambo yake ilipimwa kwa sauti. Kila mazungumzo yalitengewa kilobiti 64 kwa sekunde, na njia 32 za namna hiyo zikafungwa pamoja kuwa mkondo mmoja wa megabiti 2. Mteja aliyetaka zaidi alifungiwa mkondo mwingine, na mwingine tena. Utaratibu huo uliifaa simu. Haukuweza kuhimili mahitaji ya intaneti.

Etheneti ilianzia pengine kabisa. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, Robert Metcalfe akishirikiana na David Boggs alibuni njia ya kuunganisha kompyuta za jengo moja. Mwaka 1980 makampuni ya DEC, Intel na Xerox yalitangaza kwa pamoja vipimo vyake, na mwaka 1983 chama cha wahandisi cha IEEE kikavifanya kuwa kiwango rasmi. Hapo ndipo penye siri ya mafanikio yake, ndugu zangu: haikufanywa siri. Kila kiwanda kiliweza kutengeneza chombo kinachoelewana na cha kiwanda kingine. Bei ikashuka, na kasi ikapanda toka megabiti 10 kwa sekunde hadi gigabiti 400 katika kiwango cha mwaka 2017.

Mashirika ya simu yakajiuliza: kwa nini lugha hii isifike mpaka mlangoni kwa mteja? Mwaka 2004 IEEE ilipitisha kiwango cha Etheneti kwa ajili ya kipande hicho hasa. Moja ya njia zake ni uzi mmoja wa kioo unaotoka kituoni na kugawanywa njiani kwa kifaa kisichohitaji umeme, ukawahudumia wateja wengi hadi umbali wa kilomita 20. Kwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hilo si jambo dogo.

Lakini hapa pana hadhari. Etheneti ya ofisini hutegemea kuaminiana. Swichi isipomjua mpokeaji, huutoa ujumbe katika matundu yake yote. Tena ujumbe hauna kikomo cha safari: mtu akichomeka ncha mbili za waya mmoja katika swichi ileile isiyo na kinga, ujumbe huzunguka na kuzaliana mpaka mtandao wote ukazibwa. Ofisini watalalamika watu kumi. Katika mtandao wa umma, itanyamaza wilaya nzima. Kwa hiyo basi, kuinunua Etheneti ni jambo moja, na kuijenga kwa ajili ya umma ni jambo jingine. Linahitaji nidhamu ya namna nne.

Kwanza, kutenganisha wateja. Kila ujumbe hutiwa alama ya mwenyewe, kama bahasha yenye muhuri. Alama hiyo ya kawaida inatosha makundi 4,094 tu, ambayo ni machache kwa shirika kubwa. Ndiyo maana kiwango cha mwaka 2005 kikaruhusu alama mbili, moja ya mteja na nyingine ya shirika: bahasha ndani ya bahasha. Barua za hospitali zisionekane kamwe katika sanduku la duka la jirani.

Pili, njia mbadala. Vituo huunganishwa kwa duara, na kiungo kimoja hufungwa makusudi ili ujumbe usizunguke. Kiungo kingine kikikatika, kile kilichofungwa hufunguliwa. Kiwango kilichopitishwa na ITU mwaka 2008 hulenga kazi hiyo imalizike katika milisekunde 50. Lakini duara la kwenye karatasi halitoshi. Mwezi Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika kwa wakati mmoja upande wa kusini mwa Afrika, na sisi Tanzania tukadhoofika sana kimawasiliano. Njia mbili zinazopita mahali pamoja ni njia moja. Nyuzi mbili zilizolazwa katika mtaro mmoja hukatwa na jembe moja.

Tatu, kuigundua hitilafu kabla mteja hajapiga simu. Tangu mwaka 2007 kipo kiwango cha vituo kupeana ujumbe wa "nipo" kila mara. Mmoja akinyamaza, fundi anajua ni kiungo kipi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, saa. Minara ya simu za mkononi yahitaji kwenda kwa mpigo mmoja, la sivyo simu ya anayesafiri hukatika anapohama toka mnara mmoja hadi mwingine. Mitambo ya zamani ilibeba mpigo huo kwa asili yake. Etheneti ya kawaida haikuubeba. Swichi za kuhudumia minara sharti ziwe za aina inayosafirisha saa, na jambo hilo lisipoandikwa katika zabuni, mwuzaji atauza zile za bei ya chini.

Pamoja na hayo, tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya gharama imo katika kuchimba, wala si katika mitambo. Swichi itabadilishwa baada ya miaka michache. Uzi wa kioo uliolazwa vizuri utatumika kwa miongo. Barabara inapojengwa, bomba la nyuzi na lilazwe siku hiyohiyo, lenye nafasi ya kutosha kwa mashirika kadhaa. Kuifumua lami mpya ili kupitisha waya ni kuutupa mtaroni ushuru wa wananchi.

Ndugu zangu, nawaomba mwondoke na maswali manne. Je, wateja wametenganishwa? Njia mbadala inapita wapi ardhini? Nani ataiona hitilafu kwanza? Saa inatoka wapi? Mkandarasi aliye mkweli atayajibu kwa ramani na kwa majaribio mbele yenu, uzi ukichomolewa nanyi mkitazama. Asiyeweza kujibu, asilipwe mpaka ajibu.

Tusiupime mtandao kwa kilomita za mkongo zilizotandazwa. Tuupime katika shule iliyo mbali kuliko zote, siku ya mvua, uzi mmoja ukiwa umekatika. Darasa likiendelea na somo siku hiyo, hapo tutasema tumejenga.