Jemadari na Daftari la Matumizi



Aliyewahi kusafiri kikazi anaijua shughuli ya kurejesha masurufu. Unadaiwa stakabadhi ya teksi ambayo dereva wake hakuwa hata na kalamu. Leo nataka tumtazame mkubwa mmoja aliyepita katika shughuli hiyo hiyo, Jenerali George Washington wa Marekani.

Mwezi Juni 1775, wajumbe wa makoloni waliokutana Philadelphia walimkabidhi jeshi la kupigana na Waingereza, wakamkadiria dola 500 kwa mwezi. Akaukataa mshahara. Alisema ataweka hesabu kamili ya gharama zake, na hizo tu ndizo arudishiwe. Amesifiwa sana kwa hilo. Mimi nasita kidogo, maana mshahara una kikomo, gharama hazina. Mtu akikuambia usimlipe ila umrudishie atakachotumia, mshukuru, lakini mwombe daftari.

Na daftari alilileta. Vita ilipokwisha mwaka 1783, aliwasilisha hesabu ya miaka minane aliyoiandika kwa mkono wake. Mna farasi watano alionunua mwanzoni. Mna dola 333 na theluthi moja alizompa mtu mwaka 1775 ili aingie Boston kupanga upelelezi, jina hakuliandika. Hapo mkaguzi afanyeje? Kumtaka jasusi atie sahihi ni kumtafutia kitanzi.

Lakini lililonivutia zaidi ni gharama za safari za mkewe, Martha: paundi 1,064 na shilingi moja. Mama huyo alikuwa akimfuata mumewe kambini nyakati za baridi. Washington mwenyewe aliandika kwamba alisita kuziingiza, kwa kuwa zilionekana ni za binafsi. Kisha akaeleza: alikusudia kwenda nyumbani kila mapigano yakipoa, kazi ya taifa ikamzuia, basi mke ndiye akasafiri. Na kweli, kwa zaidi ya miaka sita hakukanyaga kwake, hadi Septemba 1781.

Je, wewe ungeidhinisha? Mimi ningeidhinisha, kwa sababu hakuzificha ndani ya fungu la shajala. Ila kalamu ingekuwa nzito kidogo, nikiwakumbuka askari wa Pennsylvania walioasi Januari 1781, mojawapo ya madai yao likiwa mishahara ambayo hawajalipwa. Hao wake zao hakuna aliyewarudishia nauli.

Wakaguzi wa Hazina walipoipitia hesabu yote, walimkuta jemadari amejipunja, tena kwa kiasi kisichofika dola moja. Yeye mwenyewe alikiri kwamba matumizi mengine alisahau kuyaandika, na hasara hiyo ikabaki kwake.

Alipochaguliwa Rais mwaka 1789 alirudia ombi lile lile, alipwe gharama tu. Bunge likampangia mshahara wa dola 25,000 kwa mwaka.