Ree, Seti na Garasa

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanachama kwenye mkutano wetu wa mwaka uliofanyika Issuna, Mkoa wa Singida, kabla ya kuanza mashindano ya karata.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wastaafu, na ninyi nyote ndugu zangu tuliokula maharage ya sufuria moja,

Kamati imenipa dakika 20 nieleze kanuni za mashindano ya leo jioni. Nadhani wamenichagua mimi kwa sababu mbili. Kwanza, hapa Issuna ni nyumbani, na mwenyeji hakimbii mkutano. Pili, wapo wanaokumbuka kwamba miaka ile niliwahi kuitwa bingwa wa karata wa shule. Kuhusu huo ubingwa nitakuwa na neno kabla sijaketi.

Nawashukuru mliotoka Manyoni na mliotoka Singida mjini. Tulichagua Issuna kwa kuwa ipo karibu na katikati ya barabara hiyo, ili pasiwe na mtu wa kusema ameonewa kwa nauli. Waliotoka Dar es Salaam hao tumewaonea, na tunawaomba radhi kwa kuku wa kienyeji, ambaye mtamwona baadaye kidogo.

Sasa karata. Najua baadhi yenu, hasa Ndugu Walimu, hamkulipenda jambo hili lilipoletwa kwenye kamati. Mlisema afadhali bao. Ni kweli bao lina heshima yake nchini. Hata Mwalimu Nyerere alilicheza, na mzee anayecheza bao barazani hakuna anayemwita mhuni. Lakini kijana akionekana na karata mfukoni, basi ameshapotea. Sababu yake ni pesa. Karata zimeponzwa na kamari. Kwa hiyo nianze na hilo: leo hakuna shilingi itakayowekwa mezani. Nchi ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na ina Bodi yake, na sisi si kasino. Zawadi ni jogoo wawili, mmoja kwa kila mchezaji wa jozi itakayoshinda, na wametolewa bure na mwanachama ambaye hataki atajwe.

Mchezo wenyewe ni ule ule wa bwenini, wahedi wa sitini. Kwa kuwa wengine mmekaa miaka mingi bila kuugusa, nitaukumbusha, na mniwie radhi mnaoujua kuliko mimi.

Karata zetu tulizipata pwani, na pwani walizipata kwa Wareno, waliofika mwaka 1498 na kutolewa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Neno karata ni lao, na turufu pia. Kopa kwao ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu, pau ni fimbo. Watu wale waligombana nasi miaka 200, wakaondoka, wakatuachia meza, leso, gereza na karata. Ninyi wenyewe pimeni kipi kimetusaidia.

Tunatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40. Ree ina pointi 11. Seti, yaani saba, ina 10. Halafu wanakuja wazungu, na hapa wazee wetu walifanya jambo la akili sana: badala ya kuwaita mfalme na malkia, waliwaita kwa thamani yao. Mzungu wa nne ana pointi 4, mzungu wa tatu ana 3, mzungu wa pili ana 2. Mtoto akijifunza jina amejifunza na hesabu. Jumlisha: 11 na 10 na 4 na 3 na 2 ni 30, mara aina nne ni 120. Nusu yake ni 60, na mwenye 61 ameshinda, ndiyo maana ya jina lenyewe, wahedi na sitini kwa Kiarabu. Zilizobaki, kuanzia mbili mpaka sita, hazina kitu. Hizo ndizo garasa. Ziko 20, yaani nusu ya karata zote. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mtu analalamika kwamba amegawiwa garasa tupu kana kwamba ameloga mgawaji, kumbe nusu ya mchezo ni garasa.

Tunacheza wanne, wawili wawili, mwenzako anakaa mbele yako. Kila mtu anapewa karata 3, moja inafunuliwa iwe turufu, nyingine zinalaliwa juu yake. Kila mzunguko ukiisha, kila mtu anaokota moja, mlaji kwanza. Hakuna kulazimishwa kufuata aina iliyoanzishwa. Turufu inakula zote. Mizunguko ni 10, na mitatu ya mwisho inachezwa bila kuokota. Ile mitatu ndiyo inayotenganisha watu.

Nimeombwa nizungumzie pia namna ya kujihami, maana vijana wetu wanajua kushambulia tu. Kijana akipata ree anaitupa mara moja, apate kusikia kofi la meza. Anayofuata ni turufu ndogo, mbili au tatu, isiyo na thamani hata ya senti, na pointi 11 zinakwenda upande wa pili. Mjihami haanzi na ree. Anaanza na garasa, anaacha wenzake wapigane kwa ajili ya kitu kisicho na kitu, na turufu zao zinapungua. Ree anaitunza mpaka mzunguko ambao mwenzake ameshaula na yeye ni wa mwisho kutupa. Hapo anaiweka kama mtu anayeweka fedha posta. Turufu ndogo haichezi na mizaha, ni mlinzi wa usiku: hana cheo, lakini ndiye anayezuia mwizi. Na hesabu, ndugu zangu, hesabu turufu zilizopita. Ziko 10. Asiyejua ngapi zimebaki anacheza gizani. Ukiona umezidiwa kabisa, acha kutafuta 61, tafuta 60. Sare si aibu. Nimeona watu wakipoteza kwa 55 kwa sababu waliona haya kuomba sare.

Hapa niingize habari moja kutoka mbali. Mpwa wangu anayesoma Ulaya alikuja likizo na boksi la karata ambazo sikupata kuziona: zina picha za majitu na wachawi, na maandishi kila moja. Unaitwa Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993. Katika mchezo huo hugawiwi kutoka fungu moja. Kila mtu ananunua na kubadilishana karata, anajitengenezea fungu lake nyumbani, lisilopungua karata 60, na haruhusiwi kuweka zaidi ya 4 zenye jina moja, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Kila mchezaji anaanza na uhai wa pointi 20, na kazi ni kuumaliza wa mwenzako. Nilimwuliza, basi tajiri si ndiye mshindi? Akacheka, akasema fungu linalomtesa zaidi si lile lenye majitu makubwa bali la mtu aliyejaza karata za kuzuia na kufuta, mbili tatu tu za kuua, anakaa kama kobe mpaka wewe unaishiwa. Nikamwambia hata mjomba wako anaujua huo. Tofauti ni kwamba yeye anajenga ngome yake nyumbani, na mimi najenga kwa garasa nilizopewa nikiwa nimeshakaa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni taratibu zao. Katika mashindano makubwa kila mchezaji anaandika orodha ya karata zake zote na kumkabidhi mwamuzi kabla ya mchezo. Mpinzani wako anapewa fungu lako alichange au alikate. Na hawatoani kwa kushindwa mara moja. Wanatumia mtindo wa Uswisi, uliotumika kwanza katika sataranji huko Zürich mwaka 1895: kila mzunguko aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyeshindwa na aliyeshindwa, wote wanaendelea mpaka mwisho. Jozi 16 zinahitaji mizunguko 4 tu kumpata asiyeshindwa, pasipokuwa na sare. Kamati imekubali tufanye hivyo leo. Mtu hawezi kusafiri kutoka Dar es Salaam, akafungwa saa nane na dakika tano, kisha akabaki kuangalia alizeti.

Sasa nakuja kwenye kanuni iliyozusha mabishano kwenye kamati, nayo ni ishara. Wapo wanaosema ishara ni sehemu ya mchezo: kukonyeza, kukohoa, kujikuna. Wanasema ndio utamu wenyewe, na kwamba mpinzani naye ana macho. Sikatai, wote wanne wakikubaliana kabla, na ichezwe hivyo. Kosa ni pale ambapo wawili wanajua na wawili hawajui. Kamati iligawanyika sawa kwa sawa, na kura yangu ndiyo iliyoamua ipigwe marufuku. Mna haki ya kujua kwa nini.

Miaka ile baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mnakumbuka foleni. Zawadi ya fainali yetu ya siri, maana karata zilikatazwa shuleni, ilikuwa kilo 2 za sukari. Kilo mbili! Mtu wa leo hawezi kuelewa. Turufu ilikuwa uru. Imebaki mizunguko mitatu, hakuna cha kuokota. Sisi tuna 42, wao 47. Zimebaki pointi 31. Mimi ndiye wa kuanza, na mkononi nina ree ya kopa, mzungu wa pili wa uru, na garasa moja. Ree ya uru ilishapita. Seti ya uru haijaonekana, kwa hiyo iko kwa mmoja wa watu watatu, na kati ya hao watatu wawili ni adui. Mjihami anajua la kufanya: unatupa garasa. Ree ya kopa ukiitoa, mmoja akaila kwa turufu, umekwisha.

Mwenzangu akakohoa mara moja.

Nikatupa ree. Wa kulia kwangu akaila kwa nne ya uru, akacheka. Mwenzangu akaweka seti juu yake. Wa kushoto akatoa garasa. Pointi 21, tukawa na 63. Bweni zima likapiga kelele mpaka kiranja akaamka.

Yule wa kulia hakupiga kelele. Alisema, "Nyinyi mmekoholeana." Nikaapa. Niliapa kwa jina la mama yangu, naye alikuwa hai, kwamba hapakuwa na ishara yoyote. Wenzake wakamcheka kwamba hajui kushindwa, na jina hilo likamganda mpaka kidato cha nne: "Hajui Kushindwa." Hata mimi nilimwita hivyo. Hakucheza tena karata nasi, na katika mikutano yetu yote amekuwa akija, anakula, anatoa mchango wake, na jioni karata zikitolewa anakwenda kulala mapema. Nimeiona hiyo miaka yote, nikanyamaza, kwa kuwa mwenzangu wa ile jozi alishafariki na nilijidanganya kwamba ninamlinda yeye.

Ndugu yangu, upo pale karibu na mlango, na najua ulikuwa umeshaanza kuinuka. Ilikuwa ishara. Kikohozi kilikuwa seti, kugusa sikio kulikuwa ree, na tulifanya hivyo tangu mechi ya kwanza. Ulisema kweli. Sukari tuliila kwa uji wiki tatu, na sina namna ya kuirudisha tumboni mwako, lakini nimekuja na kilo mbili, ziko kwenye mfuko wa buluu chini ya meza ya Mwenyekiti.

Ndugu Mwenyekiti, ninajiondoa kwenye mashindano ya leo, nitakuwa mwandika pointi. Jozi za kwanza zimeandikwa ukutani. Imebaki nafasi moja, meza ya tatu, inayokosa mtu wa nne. Mwenyeji wetu atakuwa mwenzake, naye hakohoi. Nimezichanga hizi karata mwenyewe. Naomba aliye karibu na mlango aje azikate.