Katanga Kabla ya Kampuni: Mgeni Aanzie Wapi?



Mhadhara huu umezaliwa na hasira. Katika kongamano moja kuhusu utalii wa maeneo ya madini nilimsikia msomi ninayemheshimu akidai kwamba Katanga haina historia ya kumwonyesha mgeni ila historia ya kampuni. Mgeni apelekwe Kolwezi akayaone mashimo, apelekwe Kundelungu akayatazame maporomoko ya Lofoi yanayodondoka zaidi ya mita 300, kisha arudi kwao. Kilichokuwapo kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, alisema, ni pori na hekaya. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Tuanze na hayo mashimo. Nani aliyewaonyesha Wazungu yalipo? Msafara wa George Grey, uliokuwa ukitafuta madini huko kuanzia mwaka 1899, ulikuta machimbo ya zamani kila ulikoelekea, na wenyeji ndio waliouongoza kuyafikia. Shaba iliyoyeyushwa katika tanuru la Lubumbashi mwaka 1911 ilitoka Kalukuluku, mahali palipokuwa pamechimbwa kabla kampuni haijawa hata wazo. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini, aliandika mwaka 1926 kuhusu mafundi walioitwa walaji wa shaba. Walitoka kwenda kuyeyusha baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wakiwa na makaa yao na matanuru ya udongo wa kichuguu. Huwezi kupanga kazi ya namna hiyo bila sheria, bila viongozi na bila mgawanyo wa mapato. Hilo nalo ni pori na hekaya?

Twende Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Jacques Nenquin alifukua makaburi pale mwaka 1957, na Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Watu walizikwa na vyungu vya ufundi wa hali ya juu na mapambo ya shaba, baadhi yao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Zingatieni jambo moja: bonde lile halina shaba. Ililetwa kutoka kusini, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Halafu tazameni misalaba midogo ya shaba katika makaburi ya baadaye. Karne zilivyosonga ilizidi kuwa midogo na kulingana, na de Maret anaiona kuwa iligeuka fedha. Soko, sarafu na njia za biashara vilikuwapo karne nyingi kabla ya hisa kuuzwa Brussels. Mwenzangu hakulitaja kaburi hata moja.

Habari za Msiri mnazifahamu, nitazipitia haraka. Mnyamwezi, mwana wa Kalasa mfanyabiashara wa shaba, aliweka makao Bunkeya na kuyafanya kitovu cha misafara ya pwani zote mbili za bara hili. Aliuza pembe za ndovu, shaba na, lazima tulitamke, watu. Mgeni asiambiwe kwamba alikuwa malaika. Wasanga aliowatawala walikuwa na sababu nzito za kumwasi. Aliuawa Desemba 20, 1891 na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II.

Sasa nifike kwenye andiko ninalolipenda kuliko yote, nanyi mnivumilie. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Aliiandika kwa Kiswahili cha mji huo, kama kinavyotamkwa, Kifaransa kikiingia na kutoka, alama za vituo zikiwa chache mno. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichapisha andiko hilo mwaka 1990. Humo mji unatazamwa kutoka jikoni: anayepika ndiye anayesimulia mshahara, posho na tabia za mabwana. Hakuna ripoti ya kampuni inayoweza kukufundisha hayo.

Nilikwenda na nakala yake Lubumbashi, nikamsomea mzee mmoja mstaafu nyumbani kwake, katika kata iitwayo Kenya, baada ya mlo wa bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Mimi mtu wa Tabora nilikwama karibu kila mstari. Mzee akanivumilia, mwishowe akaomba karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Matini yote ikanyooka. Mahali nilipoona fujo palikuwa na pumzi ya msemaji. Alikuwa akisimama kuongeza majina ya barabara na ya mabwana aliowakumbuka yeye mwenyewe. Fabian naye alilazimika kumtafuta Kalundi Mango amsomee andiko hilo kwa sauti kabla ya kulifasiri.

Fabian huyohuyo ameonyesha, kwa ushahidi mzito, kwamba Kiswahili cha migodini kilisukumwa na serikali ya kikoloni na waajiri, wasiotaka Kiingereza cha kusini kiingie pamoja na reli. Nimezipima hoja zake kwa miaka mingi na ninazikubali karibu zote. Hata hivyo siwezi kuamini kwamba waajiri walianza na ardhi tupu. Wayeke wa Bunkeya, watu wa Msiri, walikuwa wamekwisha kuifungua njia ya Unyamwezi, na lugha ya misafara ilipita humo. Kwangu mimi Katanga inaanzia Tabora, na sijaona hoja ya kunitoa hapo.

Basi mgeni akitua Lubumbashi, asikimbilie Kolwezi. Aingie kwanza kwenye Makumbusho ya Taifa, aombe kuonyeshwa misalaba ya shaba. Atafute mzee wa kumsomea Yav. Kisha apande gari hadi Bunkeya, ambako ukoo wa Msiri bado unatawala, awasalimu wenyeji kwa Kiswahili, aulize habari za Kalasa. Mashimo atayaona akirudi, na dereva yeyote atamfikisha.