Mapafu ya Kupandikizwa Huumia Wapi?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo sikuja na habari za mbuzi wa maziwa wala za mikopo. Nimekuja kujibu swali. Mnakumbuka katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama akasema mapafu ya mpwa wake yamekwisha, akauliza: "Dada, tukifanya harambee, hatuwezi kumnunulia mapafu mengine ng'ambo?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana lilikuwa swali la mtu mwenye uchungu. Niliahidi kusoma na kuuliza madaktari, na haya ndiyo niliyopata.

Kupandikiza mapafu ni jambo la kweli. Daktari James Hardy alilifanya mara ya kwanza mwaka wa 1963 huko Mississippi, Marekani. Mgonjwa aliishi siku 18 tu. Ikapita miaka 20 hadi 1983, ndipo Joel Cooper na wenzake wa Toronto, Kanada, wakampandikizia mtu pafu moja na akaishi miaka.

Mapafu karibu yote hutoka kwa marehemu. Mara nyingi ni mtu aliyeumia kichwa, ubongo wake umekufa kabisa na hatarudi tena, lakini mashine bado inamsukumia hewa na moyo unapiga. Mapafu hutolewa kama yeye mwenyewe alikubali akiwa hai, au jamaa zake wamekubali.

Sasa shida iko hapa. Mapafu mengi yanayotolewa hayatumiki, kwa sababu yameumia. Ninyi wakulima mnajua kupandikiza miche. Mche ukikauka, si lazima iwe ni ubaya wa shamba. Pengine uling'olewa vibaya, au ulikaa juani njiani. Mapafu nayo huumia mahali patatu.

Pa kwanza ni kabla ya kutolewa. Ubongo unapokufa, presha ya damu hupanda ghafla na maji huvuja ndani ya mapafu. Tena mashine ikisukuma hewa nyingi mno, huumiza vifuko vidogo vya hewa. Mwaka wa 2010 madaktari wa Ulaya walitangaza matokeo ya utafiti wao. Walipunguza hewa ya kila pumzi, na wakaacha presha kidogo ndani ili vifuko visifungane. Kwa njia ya zamani, katika kila watoaji 100, ni 54 tu ambao mapafu yao yalifikia kipimo cha kufaa. Kwa njia ya upole walikuwa 95. Mashine ni ile ile, kilichobadilika ni namna ya kuitumia.

Pa pili ni njiani. Mapafu husafishwa damu kwa maji maalum, halafu huwekwa katika barafu ili yasichoke haraka. Kwa njia hiyo madaktari hupenda yapandikizwe katika muda wa masaa 6 hadi 8. Lakini baridi ikizidi nayo huumiza. Weka ndizi ndani ya friji uone ganda linavyokuwa jeusi! Madaktari wa Toronto walijaribu kuyaweka katika nyuzi 10 badala ya barafu yenye nyuzi karibu 4, na wakaona yanakaa vizuri zaidi. Mwaka wa 2023, wao pamoja na wenzao wa Vienna na Madrid, walieleza kwamba mapafu yaliyolala usiku kucha katika nyuzi 10 yalifanya kazi vizuri baada ya kupandikizwa. Hivyo daktari anaweza kupasua asubuhi akiwa amelala, wala si usiku wa manane akiwa amechoka.

Iko pia mashine ya kuyapima mapafu yakiwa nje ya mwili. Yanapewa joto la mwili, maji maalum yanapitishwa ndani yake, na yanapumua polepole. Stig Steen wa Lund, Sweden, ndiye aliyeitumia kwanza kwa mgonjwa, mwaka wa 2000. Mwaka wa 2011 Toronto walieleza kuwa mapafu ya watoaji 23, yaliyotiliwa mashaka, waliyaweka katika mashine hiyo masaa 4. Ya watoaji 20 yalionekana mazuri, yakapandikizwa, na wagonjwa wakaendelea sawa na wengine.

Pa tatu ni wakati damu inaporudi. Pafu lililokaa bila damu likiipata kwa ghafla, huvimba na kujaa maji. Hatari hii huja katika masaa 72 ya kwanza, nayo ndiyo huua wengi katika siku za mwanzo. Kwa hiyo daktari hufungulia damu polepole, kidogo kidogo, na hewa vile vile.

Basi, mama yangu, jibu langu ni hili. Mapafu hayanunuliwi. Papa Yohane Paulo II aliwaambia madaktari wa kupandikiza mjini Roma, mwaka wa 2000, kwamba viungo vya mtu hutolewa kwa upendo, wala visifanywe bidhaa. Mwaka wa 2008 madaktari wa nchi nyingi walikutana Istanbul wakapinga biashara hiyo. Mtu akikuambia lete pesa kesho nikupe pafu, ujue anataka kukuibia, au ameiba kwa mwingine.

Lakini harambee yetu isife. Kwanza imfikishe kijana kwa daktari wa kifua, apimwe TB na kujua ugonjwa wake hasa. Kama daktari atasema kupandikiza kunafaa, aandike barua na ataje hospitali. Tuulize pia gharama ya dawa, kwa maana aliyepandikizwa hunywa dawa maisha yake yote. Kamati ikubali, nami nitaandamana nao siku hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini mapafu mengi yanayotolewa hayatumiki?

2. Tukiombwa pesa za matibabu ng'ambo, tutauliza nini kabla ya kuchanga?

3. Je, tumewahi kuzungumza nyumbani kuhusu kutoa viungo baada ya kufa? Tunaogopa nini?