Uungwana Dirishani



Twaulizwa kama uungwana wa zamani una kazi bado katika mji huu wa haraka, ambamo mtu hutoka Mbagala alfajiri kwa daladala, akasukumwa mlangoni, akafika afisini kwetu Temeke saa tatu hali amekwisha choka. Twajibu kwamba unayo kazi. Lakini yatupasa kwanza kupambanua ni uungwana upi.

Hapo kale mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Lilikuwa jina la nasaba, si la tabia peke yake. Mwaka 1922 sheria iliufuta utumwa katika Tanganyika. Na mwaka huo huo, kule Tanga, Bwana Martin Kayamba na wenziwe wakaasisi chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, kisichobagua dini wala kabila. Tangu hapo hapana awezaye kudai uungwana kwa kuzaliwa. Hata shikamoo, salamu iliyotokana na kushika miguu ya mkubwa, leo hutolewa na mwenye shahada kwa mwuza mihogo wa Kinondoni aliyemzidi umri, wala hapungukiwi na kitu.

Wako wasemao kwamba adabu hizi zachelewesha kazi. Huenda zikachelewesha zikiwa ndefu mno: habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu, na huku foleni imefika uani. Lakini tulichukialo zaidi ni adabu tupu. Karani amwinamia mzee, amwita baba, ampa kiti, kisha amwambia kwa sauti laini, "Rudi kesho," naye ajua kwamba jalada halijaguswa, wala kesho halitaguswa. Mzee aondoka akishukuru! Nauli yake ya kuja na kurudi imepotea, na pengine kibarua cha siku nzima. Afadhali karani mkavu asemaye, "Hati yako haijatiwa sahihi; njoo Alhamisi," na Alhamisi ikawa tayari. Huyo kwetu ndiye mwungwana, ingawa tungependa ajifunze kutabasamu. Mambo ya tai na koti, katika joto hili, hayatushughulishi.

Basi twaomba jambo moja. Kila dirisha liwe na daftari. Mtu akiambiwa arudi, iandikwe siku, na sababu, na jina la karani aliyemwambia. Siku hiyo jalada lisipopatikana, karani huyo huyo ndiye atakayetoka nyuma ya dirisha na kumweleza mwenye haja, yeye akiwa amesimama na mgeni amekaa.