HINA NYEUSI SI HINA

(Maneno ya mwanachama mmoja kwenye mkutano wa akina mama wa ushirika wetu. Yameandikwa hapa kwa faida ya wasiofika.)

Ndugu Mwenyekiti, akina mama wenzangu, na akina baba mliosimama pale mlangoni: ingieni, nanyi mna mabinti.

Mavuno yamekwisha, sasa ni harusi. Sisemi tuache hina, mimi mwenyewe naipenda. Nimesimama kwa sababu ya kidonda.

Mwanangu alipoolewa tulikuwa na haraka. Tukanunua piko, tukaichanganya na hina ili maua yakolee upesi. Muda wa saa moja tu, mikono myeusi ti! Tukapiga vigelegele. Siku ya tatu mikono ikawasha, ikavimba, ikatoa malengelenge. Bibi harusi analishwa ugali na mumewe kama mtoto, jamani! Vidonda vilipona, lakini makovu yamefuata yale maua mpaka leo.

Zahanati walinieleza. Piko ni rangi ya nywele, na ina kemikali iitwayo PPD. Huko Ulaya sheria inairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2. Kuchorea ngozi ni marufuku. Na mwili ukishaikataa mara moja, huikataa maisha yote. Hata ukija kutia nywele rangi uzeeni, uso waweza kuvimba.

Kumbukeni hili: majani ya mhina hayatoi rangi nyeusi. Hutoa rangi ya chungwa, kisha hugeuka kahawia nyekundu. Ukiona weusi wa haraka, ujue imetiwa kitu.

Sasa, namna ya kufanya nyumbani:

1. Anika majani ya mhina kivulini, twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi.
2. Changanya unga na maji ya ndimu uwe kama uji mzito. Funika, ulale usiku mmoja.
3. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke, usipake mafuta. Chora kwa kijiti chembamba, au kwa nailoni iliyokunjwa kama kifuko cha karanga.
4. Kaa nayo saa 6, au lala nayo. Kisha ikwangue, usiioshe kwa maji siku hiyo.
5. Rangi hukolea baada ya siku 2. Basi paka siku 2 kabla ya harusi. Haraka ndiyo iliyotuponza sisi.

Mtoto mchanga asipakwe kabisa, hata hina ya majani. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu uitwao G6PD, hasa nchi za malaria kama yetu. Hina yaweza kuvunja damu yao, mtoto akawa manjano.

Aliyekwisha kupaka piko na anawashwa, aoshe kwa maji mengi na sabuni, asipasue malengelenge, aende zahanati. Akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Mhina ni mti wa joto. Sisi wa huku chini tupande tawi kando ya ua, na ndugu zetu wa Mgeta kwenye baridi tuwagawie unga.

Mama mmoja aliuliza: "Na bibi harusi akishikilia kwamba anataka weusi?"

Jibu: "Mnunulieni kanga nyeusi."